Kiwanja cha Uyole na ofa ya chuo cha Uingereza: nimkubalie mdogo wangu?

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, nauza viazi na mchele Mwanjelwa, Mbeya. Baba alifariki mwaka niliomaliza kidato cha nne, na tangu hapo mimi na mama ndio tumewabeba wadogo zangu. Mama yuko Rungwe, ana chai kidogo, migomba na miparachichi michache. Mimi sikuendelea na shule. Silalamiki, nataja tu kwa sababu limekuwa sehemu ya ugomvi.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 20. Mwaka huu kamaliza kidato cha sita, PCM, akapata daraja la kwanza la pointi 6: Hisabati A, Kemia B, Fizikia C. Amepata nafasi ya uhandisi ujenzi kwenye chuo kikuu kimoja Dar es Salaam, na Bodi ya Mikopo imempangia mkopo, ingawa sio wote. Nilishamnunulia begi na godoro.

Aliporudi kutoka JKT, rafiki yake akampeleka kwa wakala mmoja wa vyuo vya nje. Huyo wakala alimjazia fomu, akamwandikia na barua ya kujieleza, na haikupita wiki mbili ikaja ofa ya chuo cha Uingereza: mwaka wa faundesheni ya uhandisi, yaani wa maandalizi kabla ya shahada, kuanzia tarehe 19 Januari 2026, ada pauni 17,000. Ili nafasi isipotee tulipe pauni 5,000 kabla ya tarehe 14 Novemba. Wakala naye anataka shilingi 3,500,000 zake, nusu sasa hivi, pamoja na vyeti halisi vya mdogo wangu, cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, akidai ofisi yake inavihakiki. Ada iliyobaki anasema mtoto atafanya kazi hukohuko, wengi wanafanya hivyo.

Nikauliza kuhusu viza. Akasema benki inatakiwa ionyeshe kama milioni 75. Sina hata robo yake. Akaniambia nisiogope, kuna mtu atatuwekea hizo hela kwenye akaunti yangu mwezi mmoja, halafu azichukue na milioni 4 za shukrani.

Nina kiwanja kimoja Uyole nilichokilipia kidogo kidogo tangu 2019. Kuna mteja amefika milioni 28, anasubiri neno langu. Baba mdogo anasema niuze, bahati haigongi mlango mara mbili. Mama anasema mtoto akasome Dar kama wenzake. Nyuma yake kuna wadogo wawili wengine, mmoja yuko kidato cha tatu na mwingine cha kwanza, na ada na matumizi yao ni juu yangu.

Kinachoniumiza zaidi ni maneno. Nilipomwambia mdogo wangu anipe muda nifikirie, alinijibu: "Dada, kule wanasoma Kiingereza chenyewe. Ukinikatalia nitajua ni wivu kwa sababu wewe hukusoma." Wiki ya pili sasa hanisemeshi. Hajathibitisha nafasi ya Dar na siku zinakwenda. Nikiuza naogopa, nikikataa naogopa pia. Naomba msaada wako, Shangazi.

Dada wa Mwanjelwa, Mbeya

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi: umeandika kiasi na tarehe. Tutazitumia.

Nikikuelewa vizuri, umeletewa mambo manne yakiwa yamefungwa kwenye mfuko mmoja, na unatakiwa uyajibu yote kwa "ndiyo" moja au "hapana" moja. Je, binti anafaa kusoma Uingereza? Je, njia ya wakala huyu ndiyo njia yenyewe? Je, kiwanja kinatosha? Na je, ukisita utakuwa umemwonea wivu? Kila moja lina jibu lake. Linaweza kuwa ndiyo kwa la kwanza na bado likawa hapana kwa la pili. Nadhani ndani ya nyumba yenu hakuna aliyepata nafasi ya kulisema hilo, maana mnakimbizwa na tarehe 14 Novemba.

Tuanze na kiwanja, maana kinahesabika. Tuiweke pauni kwenye shilingi 3,300 ili tupate picha. Pauni 5,000 za malipo ya awali ni milioni 16.5. Wakala milioni 3.5. Mwenye hela za kuazima milioni 4. Hapo imeshakwenda milioni 24, imebaki milioni 4. Viza ya mwanafunzi kwa viwango vya 2025 ni pauni 524, na juu yake kuna tozo ya huduma za afya ya kule, pauni 776 kwa mwaka, inayolipwa kwa mkupuo siku ya kuomba viza, kwa muda wote wa viza. Hata kwa mwaka mmoja tu, viza na tozo vinafika pauni 1,300, sawa na milioni 4.29. Kwa hiyo kiwanja kimekwisha na deni dogo juu, kabla ya pasipoti, mtihani wa Kiingereza, kipimo cha kifua kikuu na tiketi ya ndege. Na pauni 12,000 za ada iliyobaki hatujazigusa.

Hizo milioni 75 wakala hakuzitunga. Uhamiaji wa Uingereza wanataka mwombaji aonyeshe ada iliyobaki ya mwaka wa kwanza pamoja na fedha za kujikimu. Kwa chuo kilicho nje ya London, kuanzia Novemba 2025, ni pauni 1,171 kwa mwezi, hadi miezi 9. Chukua 12,000, ongeza 10,539, unapata 22,539, yaani milioni 74 na ushee. Hapo amesema kweli. Kosa liko kwenye akaunti.

Umesema hela zitawekwa kwenye akaunti yako. Kanuni zao zinataka fedha ziwe kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi wake, au ya mlezi wa kisheria. Dada hayumo. Baba mdogo hayumo. Hata ungekuwa na milioni mia za halali zilizotoka kwenye viazi, zikikaa kwa jina lako viza inakataliwa. Ikiwa za mama, itabidi kiambatanishwe cheti cha kuzaliwa cha binti kinachomtaja mama, pamoja na barua ya mama ya kuridhia zitumike. Mtu anayejiita wakala wa vyuo vya Uingereza na hajui jambo hilo, au analijua na amelinyamazia, mimi ningemuuliza maswali mengine mengi.

Halafu kuna huku kuazima kwenyewe. Fedha zinatakiwa zikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na taarifa ya benki isiwe imepitwa na siku 31 wakati wa kuomba. Maofisa wana haki ya kuwasiliana na benki, na akaunti iliyokuwa na laki mbili mwezi uliopita kisha ikaingiziwa milioni 75 kwa siku moja haihitaji mpelelezi. Wakijiridhisha kwamba kuna udanganyifu, viza inanyimwa, na mwombaji anaweza kufungiwa miaka 10. Anayefungiwa ni binti, kwa jina lake na pasipoti yake, wakala haguswi. Jambo lingine: vyuo vingi hurudisha malipo ya awali viza ikikataliwa, ila siyo pale sababu inapokuwa nyaraka za uongo. Kwa hiyo ujanja huu unaweza kuzifukia na zile milioni 16.5.

Na ile ya "atafanya kazi hukohuko"? Mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Aliye kwenye kozi ya chini ya shahada, na faundesheni inayosimama peke yake iko hapo, anaruhusiwa saa 10. Kima cha chini kwa umri wake mwaka 2025 ni pauni 10 kwa saa. Akipata kazi siku ya kwanza asikose hata wiki moja, ni pauni 100 kwa wiki, wakati kujikimu tu kumekadiriwa pauni 1,171 kwa mwezi. Zinaweza kumnunulia chakula. Ada hazilipi.

Baada ya faundesheni bado kuna miaka mitatu ya shahada yenyewe. Ofa yako haikutaja ada yake, nawe uliza. Ikiwa pauni 20,000 kwa mwaka, ambayo kwa uhandisi si ya kushangaza, miaka mitatu pamoja na kujikimu inapita kidogo shilingi milioni 300, na viza nyingine ya kuombwa katikati. Swali ambalo ningependa baba mdogo alijibu, kwa heshima zote, si kama bahati hugonga mara mbili, ni nani atalipa Septemba 2026.

Sasa tarehe. Masomo yanaanza 19 Januari. Uamuzi wa viza kwa kawaida huchukua kama wiki tatu tangu binti achukuliwe alama za vidole Dar es Salaam, na hapo katikati kuna Krismasi na mwaka mpya. Rudi nyuma wiki tatu, uko 29 Desemba. Rudi siku 28 za benki, uko 1 Desemba. Maana yake ifikapo siku hiyo fedha zote ziwe zimeshakaa kwenye akaunti sahihi. Je, pasipoti anayo? Hukuitaja. Ni shilingi 150,000, lakini kinachochelewesha watu si hela, ni majina. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), cheti cha kuzaliwa cha RITA na vyeti vya shule vikitofautiana hata herufi moja ya jina la ukoo, au cheti kimoja kina majina matatu na kingine mawili, ofisi ya uhamiaji itawarudisha kwa wakili kwanza. Hili likagueni leo kwa vyovyote vile, maana hata asipokwenda popote litamfuata. Kuna mtihani wa Kiingereza pia. Kwa faundesheni kama hii IELTS ya kawaida inaweza isitoshe, hutakiwa ile iitwayo IELTS for UKVI. Ni mtihani uleule, ila usimamizi wake ni tofauti. Akifanya usiokubalika, nauli ya Dar na ada ya mtihani vimekwenda bure.

Sikuambii kwamba haiwezekani. Nakuambia kwamba kiwanja kikiuzwa kwa kukimbizana na kalenda hiyo, mteja wako ataijua haraka yako kwenye macho yako.

Tuje kwa wakala. Kazi ya uwakala si haramu, na wapo wanaoifanya vizuri. Vyuo vya Uingereza kwa kawaida ndivyo vinavyowalipa mawakala wao kamisheni, sehemu ya ada ya mwaka wa kwanza, mwanafunzi akishasajiliwa. Ndiyo sababu wengi hawamtozi mwanafunzi, au humtoza kidogo. Huyu akichukua kwako na kwa chuo, ni biashara yake, ila ujue kwamba analipwa binti akienda, halipwi binti akibaki. Ushauri wake usikilize ukijua hilo. Vyeti halisi msimpe. Nakala iliyothibitishwa na wakili inatosha kwa maombi, na chuo kikitaka kuona halisi kitamwambia mwanafunzi mwenyewe.

Kabla ya shilingi yoyote kutoka, binti akiandikie chuo moja kwa moja. Anwani aitoe kwenye tovuti ya chuo, asiitoe kwenye barua aliyopewa na wakala. Ataje namba yake ya maombi na aulize: Je, ofa hii ni yenu? Je, wakala huyu ni wenu? Kwa nini nimepewa faundesheni badala ya mwaka wa kwanza? Nikimaliza nahitaji alama ngapi ili niendelee, na ada ya shahada ni kiasi gani? Viza ikikataliwa malipo ya awali yanarudi, na kwa masharti gani? Aangalie pia kama jina la chuo limo kwenye orodha ya serikali ya Uingereza ya wenye leseni ya kupokea wanafunzi wa nje. Orodha hiyo iko wazi mtandaoni. Ofa ya kweli haiogopi maswali haya.

Lile swali la faundesheni nalipigia mstari. Vyuo kadhaa vya Uingereza vinaukubali mtihani wetu wa kidato cha sita kwa kuingia mwaka wa kwanza moja kwa moja, vingine vinataka faundesheni, na kila kimoja kina ukurasa wa masharti kwa kila nchi. Fizikia C inaweza kumfungia vile vikubwa vinavyotaka A na B tupu, lakini mwenye Hisabati A si mtu wa kuambiwa bila maelezo kwamba anahitaji mwaka mzima wa pauni 17,000. Labda anauhitaji kweli. Labda ndiyo kozi iliyokuwa rahisi kuuzwa kwa mwezi wa Januari. Sijui, na nyinyi bado hamjui, ndiyo maana muulize.

Sasa nikuonyeshe njia ambayo naona haikuwekwa mezani kabisa. Maombi ya shahada ya kwanza kwa Septemba 2026 hupitia mfumo mmoja uitwao UCAS. Mwanafunzi anajaza mwenyewe, anachagua kozi hadi tano kwa maombi mamoja, na ada yake ni pauni 28.95, kama shilingi 96,000. Wewe muuza viazi utajua ni sawa na magunia mangapi. Mwisho wa kuwahi ni 14 Januari 2026, saa 12 jioni ya Uingereza, ambayo kwetu ni saa 3 usiku. Inalipwa kwa kadi ya benki iliyoruhusiwa kununua mtandaoni, au ile kadi ya namba tupu inayotengenezwa ndani ya akaunti ya pesa za simu.

Panapokwamisha watoto wa huku ni sehemu tatu. Ya kwanza ni matokeo: yaandikwe yote kama NECTA walivyoyatoa, ya kidato cha nne na cha sita, pamoja na General Studies, hata lile somo analolionea aibu. Kuficha kunamponza mtu kuliko D. Ya pili ni barua ya mwalimu. UCAS humtumia mwalimu kiungo kwenye baruapepe, na mwalimu huandika kwa Kiingereza juu ya uwezo wa mwanafunzi darasani. Binti akitoa anwani ambayo mwalimu haifungui tangu mwaka juzi, maombi yanakaa hapohapo yasiende. Shule zinafungwa mapema Desemba, kwa hiyo mwalimu wa Hisabati au Fizikia atafutwe Novemba, apigiwe simu, na siku kiungo kinapotumwa akumbushwe tena. Ndugu haruhusiwi kuandika, hata kama ni mwalimu.

Ya tatu ndiyo ninayoitaka zaidi: barua ya kujieleza. Kuanzia maombi ya 2026 imegawanywa katika maswali matatu. Kwa nini unataka kozi hii? Masomo yako yamekuandaaje? Nje ya darasa umefanya nini kujiandaa, na kimekusaidia vipi? Kila jibu lisipungue herufi 350, na yote kwa pamoja yasizidi 4,000, nafasi zikihesabiwa. UCAS hulinganisha kila barua na zile zilizowahi kutumwa, na zikifanana vyuo huarifiwa. Barua za kuandikiwa na wakala hufanana, kwa sababu mkono ni mmoja.

Na hapa, mwanangu, ndipo ninapoona mlango wa kuzungumza naye. Mdogo wako ana ofa, lakini hakuna aliyemuuliza kwa nini anataka kuwa mhandisi. Wakala alimjibia. Mpe maswali hayo matatu, na usiyafanye mtego wala mtihani wa kumwangusha. Akianza na "tangu utotoni nilipenda majengo", basi hajaanza. Lakini kati ya Uyole na Ifisi wanapanua barabara kuu ya TANZAM mbele ya macho yake. Akiandika kwamba amesimama pale, akaona jinsi mifereji ya maji inavyojengwa kabla ya tabaka la juu, akajiuliza maji ya mvua za Mbeya yanaifanya nini barabara isiyo na mifereji, kisha akaiunganisha na alichosoma kwenye Fizikia kuhusu shinikizo, huyo ana jambo la kusema. Likitoka, hata wewe utakuwa unaongea na mtu mwingine kuliko huyu anayenuna. Na kama halitoki kabisa, yeye ndiye atakayeliona kwanza.

UCAS nayo ina hatari zake. Majibu yanaweza kuchukua hadi Mei. Anaweza kupata nafasi tano na asipate fedha hata ya moja, kwa sababu ufadhili kamili wa shahada ya kwanza Uingereza ni adimu sana, na punguzo la ada la pauni elfu mbili au tatu halimsaidii mtu wa hesabu tulizopiga. Skolashipu za Chevening na Jumuiya ya Madola, ambazo vijana wengi huzitaja, hazipo kwa shahada ya kwanza. Chevening ni ya uzamili na inataka saa 2,800 za kazi, kama miaka miwili. Kwa mhandisi aliyesomea hapa nyumbani akafanya kazi, hiyo inaweza kuwa njia ya kufika Uingereza kwa fedha za Waingereza wenyewe. Hapahapa Afrika kuna chuo kikuu cha Ashesi, Ghana, inayofundisha kwa Kiingereza na yenye wafadhiliwa wa Mastercard Foundation, ila uhandisi wake ni wa fani nyingine, kama mitambo, umeme na kompyuta. Wa ujenzi haupo.

Kuhusu "Kiingereza chenyewe", taratibu sana mkumbushe kwamba uhandisi wa Dar unafundishwa kwa Kiingereza, na hata pale chuo kikuu cha MUST, Iyunga, hapo Mbeya, ni hivyohivyo. Najua anachomaanisha ni kingine: anataka kutoka, aone dunia. Hilo si kosa. Lakini aliseme hivyo.

Nafasi ya Dar ina saa yake. Kuithibitisha hakumfungi asiombe UCAS. Anaweza kuanza masomo Dar na kujaza fomu jioni, mradi akitakiwa kutaja elimu yake aseme kwamba yuko chuoni. Hatari ni kwamba kichwa kimoja kwenye mabweni mawili hufeli mwaka wa kwanza wa uhandisi, ambao una hisabati isiyosubiri mtu. Tena akiacha katikati, fedha za Bodi alizokwisha kupokea zinabaki deni lake. Kuahirisha mwaka kunawezekana kwa kibali cha maandishi cha chuo. Kuondoka kimyakimya si kuahirisha. Na akiiacha nafasi isipothibitishwa, dirisha la udahili linalofuata ni katikati ya mwaka ujao, na maombi ya mkopo yaanze upya bila uhakika kwamba atapangiwa kama safari hii. Wapo wanaochagua kusubiri wakiwa na sababu nzuri. Ila achague yeye kwa mdomo wake. Siku zikimpita ili dada abebe lawama, huko si kuchagua.

Umeniuliza bila kuniuliza kama una wivu. Labda unacho kidogo, nani asingekuwa nacho? Uliacha shule kwa kifo cha baba, na sasa unaombwa uuze kitu pekee chenye jina lako ili mwingine asome. Kuwa na uchungu huo hakufanyi hesabu zako ziwe za uongo. Pauni 22,539 ni zilezile mwenye wivu akizihesabu au asiye nao. Ningekushauri usijitetee. Mwite, mweleze kwamba neno lile lilikuuma, kisha kaeni na mama, binti ashike kalamu na hesabu hizi azipige yeye. Akizipiga akaona njia ambayo mimi na wewe hatukuiona, msikilize. Wale wadogo wawili watajwe pia, kidato na ada zao, maana kwenye barua yako umewapa sentensi moja tu na nina wasiwasi hata kwenye kikao watapata hiyohiyo.

Kiwanja ni chako. Unaweza kuamua kukiuza chote kwa ajili yake, au usikiuze kabisa, au kumwambia kiasi unachoweza kila mwaka popote atakaposoma, na kila uamuzi ndani ya hayo wapo watu wazima wenye akili waliouchukua. Nakuomba tu usimjibu mteja kabla chuo hakijajibu baruapepe ya binti. Jibu likija na mkakuta kipengele kisichoeleweka, hasa cha kurudishiwa fedha, nitumie nakala bila majina, tukisome pamoja.

Shangazi